Gari Lisilo na Paa

Jumanne, saa mbili kasoro asubuhi,
lori likakataa kuingia kichochoroni.
Dereva akaishusha chasi mdomoni pa njia,
akanipa karatasi nitie sahihi,
akaniambia kila la heri kwa sauti ya mtu atoaye pole,
akaenda zake.

Mifupa mitupu ya chuma, myeusi, inang'aa,
myepesi kuliko nilivyodhani
na mirefu kuliko nilivyopima.
Tukaibeba wanne: mimi, Mwinyihaji mume wangu,
mzee Clegg wa nambari kumi na saba,
na kijana wa posta aliyeona haya kutupita.
Kama jeneza, akasema Clegg.
Kama kitanda cha maharusi, nikasema mimi,
twende, kushoto kidogo, chunga ukuta.

Accrington, mwezi wa pili.
Mvua hainyeshi, inakaa tu hewani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Na mimi nimenunua gari lisilo na paa,
kwa pesa zangu, kwa akili zangu timamu,
tena limekuja vipande vipande.
Mwinyihaji akalizunguka mara mbili:
"Na mwavuli atashika nani?"
Mama, kwenye simu: "Kwani magari yameisha madukani?"
Yapo, Mama. Yamejaa tele.
Sikuwa na la kuongeza.

Kazini napima macho.
Mchana kutwa, gizani, nabadilisha vioo:
ya kwanza, au ya pili? Hii, au hii?
Watu hubabaika, huogopa kukosea,
kana kwamba herufi zile ni mtihani na mimi ndiye msahihishaji.
Nawatuliza: hapa hakuna jibu baya.

Jioni nimepiga magoti bandani
mbele ya mifuko mia na arobaini ya plastiki,
nati, washa, bolti nene, bolti nene zaidi kidogo,
na kitabu cha maelekezo
kinachoruka kutoka ukurasa wa kumi na mbili
hadi wa kumi na tano, kama shahidi mwongo.
Hii, au hii?
Hapa jibu baya lipo.
Lina mwendo wa maili sabini kwa saa.

Pembeni, chini ya turubai, Mazda iliyogongwa ubavu.
Nimeinunua kwa bibi mmoja wa Burnley.
Ndani ya droo yake nimekuta peremende zimegandana,
glavu moja ya mkono wa kulia,
na risiti ya petroli ya mwaka niliofika nchi hii.
Itanipa injini, giaboksi, usukani, nyaya.
Nimeiomba radhi kabla ya kufungua boneti,
kama mtu anayekwenda kutolewa figo.
Clegg akajifanya hakusikia.

Clegg haingizi mkono.
Husimama mlangoni na kikombe chake cha chai,
miaka arobaini amekaza nati
katika kiwanda ambacho leo ni fleti za watu,
na neno lake ni moja: Mm.
Nimekwisha kuzijua. Ipo Mm ya ndiyo,
ipo Mm ya bado,
na ipo ya tatu.

Mwanzo wa ngoma ni lele, basi lele yangu hii hapa:
saa nne usiku, bolti ya kwanza,
mkono wa chini wa gurudumu la mbele, kushoto.
Nikakaza taratibu, nikivuta pumzi,
mpaka spana ya kupimia ikalia, ka,
sauti ndogo kama kufuli la sanduku la shule.
Nikasimama kuitazama. Nikaitazama tena.
Nikawasha na taa ya simu.

Mm, akasema Clegg.
Ya tatu.

Nilikuwa nimeufunga juu chini.

Nikaifungua bolti, nikaifuta kwa kitambaa,
nikairudisha mfukoni mwake, nikaandika nambari yake upya.
Nyumbani wali umefunikwa kwa sahani,
Mwinyihaji macho kwenye televisheni:
"Haya, umefika wapi?"
Nikahesabu. Bolti moja imefungwa. Bolti moja imefunguliwa.
"Pale pale nilipoanzia," nikasema, nanawa grisi isiyotoka,
"ila sasa napajua."

Akainuka, akatoa sabuni ya unga chini ya sinki,
"Lete mikono," akasema,
akanisugua kidole kimoja kimoja.